Kitabu Chako Ni Kilekile

Swali walilokuja nalo wateja dirishani Oktoba 1997 halikuhusu riba wala mkopo. Walitaka kujua hela yao sasa iko kwa nani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa imetangaza kwamba Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, imegawanywa, na huku Mpanda, enzi hizo ikiwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, watu waliipokea habari hiyo kama habari ya mirathi. Panapogawanywa mali pana marehemu. Na kama benki imekufa, akiba iliyokuwa mikononi mwake inakwenda wapi?

Nilikuwa karani wa leja katika tawi letu, na nyakati za msongamano nilikaa dirishani. Malipo ya tumbaku yalikuwa yametoka karibuni. Wakulima kutoka Katumba, Inyonga na vijiji vya njia ya Karema walikuwa wameshaweka akiba ya kuwavusha hadi msimu mwingine, wakabakiza kidogo ya chumvi, sabuni na karo. Mzee mmoja wa Kikonongo, mrina asali, aliweka kitabu chake juu ya meza bila kukifungua.

"Mama, nieleze kwanza kabla hujaandika chochote. Huyu aliyepokea hela zangu mwaka juzi yupo au hayupo?"

"Yupo, mzee wangu. Kitabu chako ni kilekile."

Meneja wetu ndiye aliyetufundisha kujibu hivyo, kwa maneno hayohayo, na hakutaka tuongeze. Wakati ule niliona jibu ni fupi mno kwa watu waliotembea siku nzima kuja kuuliza. Baadaye nilipoisoma sheria yenyewe na kuona jinsi benki zinavyounganishwa na kutenganishwa, nilielewa kwamba jibu lile lilitosha.

Ukiacha noti zilizo ndani ya kasha, benki ni fungu kubwa la ahadi. Mwenye akiba anaidai benki. Mkopaji anadaiwa na benki. Mwenye nyumba ameiweka rehani kwa jina la benki, mfanyakazi ana mkataba wake, na kesi kadhaa ziko mahakamani zikisubiri hukumu. Kwa kanuni za kawaida za mikataba, mwenye deni hawezi kumtwisha mtu mwingine deni hilo bila anayedai kuridhia. Kama kanuni hiyo ingefuatwa, tungelazimika kumfuata kila mwenye kitabu, mpaka Mwese na Mishamo, atie dole gumba kwamba anakubali kuidai benki mpya badala ya ile ya zamani. Hilo lisingewezekana, na ndiyo maana Bunge lilitunga sheria mahsusi. Sheria ya mwaka 1997 ya kuipanga upya NBC ilihamisha mali na madeni, haki na wajibu, kwenda kwa warithi waliotajwa, kwa nguvu ya sheria yenyewe. Mteja hakuombwa saini kwa sababu hakukuwa na kitu alichotakiwa kukiachia.

Meneja alikuwa ameuona upande wa pili wa jambo hili akiwa kijana. Alianza kazi kama karani katika benki moja ya Kiingereza huko Tabora, na alikuwepo Jumatatu ya tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alipotaifisha mabenki. Barclays, Standard, National and Grindlays na benki nyingine za kigeni, zikiwemo za Kihindi, ya Kipakistani na ya Kiholanzi, zikamezwa na chombo kimoja kipya, NBC, chini ya Amon Nsekela. Benki Kuu yenyewe ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ifungue milango Juni 1966, gavana wake akiwa Edwin Mtei.

Meneja alipenda kutusimulia kazi ya miezi iliyofuata kuliko siku yenyewe. Mabwana wa London waliwaondoa mameneja wao upesi, funguo zikabaki kwa makarani Waafrika na Waasia. Kila benki ilikuwa na fomu zake, namna yake ya kupanga leja, namna yake ya kufunga hesabu jioni. Kuna waliozoea kuandika riba kila nusu mwaka na waliozoea kila mwisho wa mwaka. "Sheria ilituunganisha usiku mmoja, binti yangu," aliniambia. "Vitabu vilichukua miaka."

Jambo moja la 1967 alilisisitiza, na mimi nalisisitiza hapa kwa sababu vijana wanaosoma biashara siku hizi hulipita haraka. Serikali iliahidi wenye benki fidia kamili na ya haki, na mazungumzo juu ya kiasi yakaendelea kwa muda mrefu. Lakini muuza nguo wa Tabora hakulazimika kusubiri wakubwa wamalize kubishana bei. Swali la nani alipwe nini kwa hisa zake lilitengwa kabisa na swali la nani anamlipa mwenye akiba. La pili lilijibiwa na sheria iliyoianzisha NBC. Nimeona mahali pengine maswali hayo mawili yakichanganywa, na kila yanapochanganywa, mwenye kitabu kidogo ndiye anayesimama nje ya mlango uliofungwa.

NBC ilisambaa mpaka wilayani, mahali ambapo benki za zamani zisingefika kwa sababu hapakuwa na faida ya kuzivuta. Ilibeba pia mzigo ambao benki ya kawaida isingeubeba. Bodi za mazao na vyama vikuu vya ushirika vilikopeshwa fedha za kununulia mazao kwa msukumo wa Serikali, mazao yakanunuliwa kwa bei iliyopangwa, hasara ikarudi benki. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa miaka ya 1980, lakini madeni hayakujua kuvunjwa wala kurudishwa. Yalikaa palepale kwenye mizania. Sisi wa matawi tulikuwa tunayaona kwenye taarifa za robo mwaka: mkopo ambao haujalipwa tangu mwanzo, riba inaongezwa juu yake, na riba hiyo isiyolipwa inahesabiwa kuwa mapato. Kwa karatasi benki ilikuwa inapata faida. Mikopo chechefu haikuwa imepata hata jina hilo.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, gavana mstaafu, ndiyo iliyoyasema hayo waziwazi. Kutokana na kazi yake ikaja Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka huohuo ikaundwa LART, chombo cha kuchukua mikopo mibaya na kuikusanya. Benki binafsi zikaanza kuingia, na si zote zilizosimama: Meridien BIAO ilianguka mwaka 1995 na Stanbic ikaichukua. CRDB ikabinafsishwa mwaka 1996. NBC ilibaki kubwa kuliko zote na nzito kuliko zote. Matawi yalifungwa, wenzetu wengi wakapunguzwa kazini. Kila barua yenye muhuri wa makao makuu ilipoingia tawini, kimya kilitanda hadi meneja aisome.

Barua iliyokuja mwaka 1997 ilisema NBC itakuwa vyombo vitatu. NBC (1997) Limited ingechukua biashara ya kawaida ya benki na matawi ya miji mikubwa. Benki mpya, NMB, ingechukua matawi yaliyotapakaa nchini, yapatayo 95, mengi yao ya wilayani, pamoja na wenye akiba ndogondogo. NBC Holding Corporation ingebaki na majengo na mali zisizo za kibenki, na yale madeni ambayo hakuna mnunuzi angeyataka. Mpanda tukaangukia NMB.

Siwezi kuficha kwamba tuliona tumepewa mifupa. Benki ya mjini ilipewa makampuni, fedha za kigeni na barua za dhamana za waagizaji bidhaa. Sisi tulipewa walimu, wastaafu, warina asali, wakulima wa tumbaku na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, na uwezo mdogo mno wa kukopesha. NMB ya mwanzo ilikuwa benki ya akiba na malipo. Kwa mfanyabiashara ilikuwa na maana kwamba anaweka fedha zake hapa, na akitaka mkopo wa lori anatafuta benki nyingine, na nyingine ilikuwa mbali. Vyama vya msingi vya tumbaku viliona hilo mapema kuliko mtu yeyote. Pembejeo zikawa zinatoka kwa makampuni ya tumbaku, kwa mkopo unaokatwa sokoni, na mkulima akawa anauza kwa yule anayemdai.

Kisha ikaja mvua. Msimu wa 1997 kuingia 1998 ulikuwa wa El Niño, na kila anayekumbuka miaka ile Tanzania anakumbuka reli na barabara zilivyokatwa. Sasa fikiria nini kilikuwa kimebadilika kwenye hundi. Kabla ya Oktoba, hundi ya mwalimu iliyotoka tawi moja la NBC kwenda jingine ilikuwa jambo la ndani: tawi linaandika kwa tawi, makao makuu yanasawazisha. Baada ya Oktoba, kama tawi moja liliangukia NBC mpya na jingine NMB, karatasi ileile ilikuwa inatoka benki moja kwenda nyingine, ikapitie utaratibu wa kulipana kati ya benki mbili tofauti. Sheria haikumnyang'anya mwalimu haki yake hata senti. Lakini haki iliyo kwenye mfuko wa posta uliokwama njiani hailipi karo. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba anayepanga kuunganisha au kutenganisha benki anapaswa kukaa wiki kadhaa kwenye tawi la mbali kuliko yote, ahesabu kila karatasi inayopita, kabla hajaandika tarehe ya kuanza.

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa mfanyabiashara wa Kashaulili. Miaka ya 1980 aliweka nyumba yake rehani, akanunua lori la kubebea mazao. Wanunuzi walichelewa kumlipa, lori likaharibika, mkopo ukalala. Alikuwa mtu mwaminifu. Alilipa kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, bila kusukumwa. Ugawaji ulipokuja, mkopo wake ulikuwa umeshawekwa kwenye kundi la mikopo mibaya, kwa hiyo haukuja NMB wala haukwenda NBC mpya. Ulikwenda kwa NBC Holding, na hati ya nyumba ikaufuata.

Alikuja dirishani na fedha za kumalizia deni. Nikamwita ndani, tukaketi kwa meneja.

"Mzee," alimwambia meneja, "mimi nilikopa kwenye jengo hili. Saini yangu iko hapa. Mnaniambiaje nilipe Dar es Salaam?"

"Jengo si lako kulidai, ndugu yangu, na wala si langu," meneja akamjibu. "Uliahidiana na NBC. Ahadi yako imerithiwa na yule wa Dar es Salaam. Ukimlipa asiyeirithi, umetoa sadaka, deni lako liko palepale."

Nimesikia mihadhara juu ya uhamishaji wa haki za kimkataba, sijasikia iliyoeleza vizuri kuliko hivyo. Mkopaji anapaswa kujua mrithi halali ni nani, kwa maandishi, kabla hajatoa hata shilingi. Mrithi naye anabanwa na masharti yaleyale ya zamani: hawezi kupandisha riba kwa sababu tu jina limebadilika, wala kudai dhamana ambayo mkataba wa awali haukuitaja. Meneja alimwandikia barua ya utambulisho, tukaambatanisha nakala ya kadi ya mkopo iliyoonyesha kila malipo. Yule bwana akapanda treni hadi Kaliua na Tabora, kisha reli ya kati. Alirudi na stakabadhi ya kumaliza deni na hati yake ya nyumba, imefungwa kwenye nailoni.

Wakati huo mazungumzo mjini yalikuwa kama tawi letu litafungwa. Washauri walikuwa wanapita nchini, na hoja yao ilikuwa ya hesabu: tawi lisilokopesha, lenye wateja wa akiba ndogo, linagharimu kuliko linavyoingiza. Meneja aliwajibu kwa kuwapeleka stesheni. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kwa hesabu za mgodi, reli ile ilipaswa kung'olewa ikauzwe chuma chakavu. Iliachwa, na miaka iliyofuata ikabeba mahindi, tumbaku, na watu wote wa Katumba na Mishamo ambao hawakuwepo kwenye hesabu ya mtu yeyote mwaka 1960. Aliwauliza ni nani kati yao anayeweza kuapa kwamba anajua nani atakuwa mteja wa tawi hili miaka kumi ijayo.

Tawi halikufungwa, na naamini aliyeandika kwenye mpango kwamba matawi ya wilayani yabaki pamoja, chini ya benki moja yenye jukumu hilo, alifanya uamuzi bora kuliko wote wa zoezi lile. Kuna waliosema NMB ni jalala la matawi yasiyotakiwa. Mwaka 2005 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 hisa zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Leo ni moja ya benki zinazopata faida kubwa kabisa nchini, na msingi wa faida hiyo ni walewale walimu na wenye vitabu vidogo.

NBC nayo ilipita njia ndefu. Mwaka 2000 asilimia 55 iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, Serikali ikabaki na 30, na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, likachukua 15. Wengi walipinga, bungeni na mitaani, wakisema mali ya umma inatolewa kwa bei ndogo. Miaka mitano baadaye Barclays ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za ABSA, na kwa mlango huo ikawa juu ya benki iliyozaliwa kutokana na matawi yake, pamoja na ya benki nyingine, yaliyotaifishwa mwaka 1967. Meneja wetu alikuwa amestaafu. Alituma salamu kwamba anataka kujua kitu kimoja tu, kama wenye akiba wameathirika. Hawakuwa wameathirika. Kilichouzwa kilikuwa hisa, na anayeuza hisa habadilishi mdaiwa: benki ilibaki mtu yuleyule mbele ya sheria, aliyebadilika ni mwenye kuimiliki.

Tofauti hiyo, kati ya kununua hisa za benki na kuiunganisha benki na nyingine, ndiyo wateja wanaoniuliza siku hizi huwa hawaelezwi. Mwaka 2018 Benki ya Posta, TPB, iliunganishwa na Twiga Bancorp, kisha na Benki ya Wanawake. Mwaka 2020 ikaja TIB Corporate, na mwaka 2021 yote ikaitwa Tanzania Commercial Bank. Hapo kuna vyombo vilivyokoma kuwepo, na mrithi akabeba amana zao. Benki Kuu ndiyo inayoridhia, inayopima kama mtaji wa mrithi unatosha, na Tume ya Ushindani inaangalia kama soko halimezwi na mmoja. Januari 2018 ilionyesha upande mwingine wa sarafu: Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa kukosa mtaji, nazo hazikupata mrithi. Wenye amana walianza kwa kulipwa na Bodi ya Bima ya Amana, kisichozidi shilingi 1,500,000 kwa kila mmoja, na kilichobaki kikasubiri mfilisi. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, unaona thamani ya kumpata mrithi mapema, kabla mtaji haujaisha. Nawasihi wanaosimamia benki ndogo za wananchi wasiache heshima ya jina iwazuie kuungana.

Yule bwana wa Kashaulili alifariki Katavi ikiwa tayari mkoa, baada ya 2012. Watoto wake walipotaka kuiuza nyumba, walikuta kwa Msajili wa Hati rehani ya miaka ya 1980 bado imeandikwa. Baba alilipa deni na kuirudisha hati nyumbani, lakini kuifuta rehani kwenye daftari la serikali ni hatua nyingine, na mtu pekee anayeweza kuisaini ni aliyeirithi. NBC Holding ilikuwa imeshakuwa Consolidated Holding Corporation, nayo imeshakoma, majukumu yake yamehamia serikalini. Walinijia kwa sababu walisikia mimi ndiye niliyebaki. Niliwaambia watafute ile stakabadhi ya kumaliza deni. Waliikuta kwenye sanduku la mama yao, ndani ya nailoni ileile, na kwa karatasi hiyo ombi lao likasikilizwa, rehani ikafutwa. Nyumba iliuzwa. Aliyeinunua, mkulima wa tumbaku, aliiweka rehani benki mwaka uleule ili apate trekta, na kabla hajatia saini alinipigia simu kuniuliza jina kamili la anayemkopesha linapaswa kuandikwaje.